Niite Utakavyo

3 Machi

Kwako uliyeko nyumbani,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe na Baba, na goti la Baba pia, maana siku hizi tunalisalimia peke yake. Mimi sijambo. Vidole vya mkono wa kushoto vimetobolewatobolewa na sindano, ila vinapona.

Baba alisema nipige simu badala ya kuandika. Unanijua mimi na simu. Nikisikia "haloo" maneno yote yananikimbia, nabaki kupumua tu, mpaka mtu wa upande wa pili anadhani anatishwa. Kwenye barua angalau naweza kufuta.

Chumba chetu cha kushonea kina cherehani kumi na moja, dirisha moja, na pasi moja ambayo kila mtu anaigombania asubuhi. Mkuu wetu anaitwa Mama Sindano. Hana mtoto, hajawahi kuolewa, na watoto wenyewe hawapendi. Jana alimfukuza mmoja kwa kugusa chaki. Lakini ni mama, na ukimwita kwa jina jingine anakutazama juu ya miwani mpaka ukumbuke una kazi mahali pengine.

Hapa kila mtu ni mama. Wateja wananiita mimi mama. "Mama, hebu nipunguzie hapa kiunoni." Mimi, mwenye miaka kumi na minane! Juzi alikuja mwanamume mwenye ndevu nyingi na binti yake wa miaka mitatu, akawa anambembeleza, "Mama, simama wima upimwe, mama yangu," na yule mama wa miaka mitatu akaketi sakafuni akalia. Hata ile karatasi ya kukatia ambayo nyingine zote huchorwa kutoka kwake tunaiita karatasi mama, na ole wako uikunje. Nimeanza kuyaandika kwenye daftari. Nimefika mama wa kumi na nne.

Sasa habari yenyewe. Tarehe kumi na mbili Julai ni Siku yangu ya Pini. Ni hivi: mwanafunzi akikaribia kumaliza mwaka, anashona gauni la mtu wake wa nyumbani, bila utepe wa kupimia na bila kuuliza vipimo, kwa kukumbuka tu. Mama Sindano anasema utepe unampima mteja, lakini fundi hupima kwa jicho. Siku hiyo mtu wako anakuja, anavaa mbele ya mafundi wote, anainua mikono, anakaa, kisha Mama Sindano anaangusha pini sakafuni na mvaaji anainama kuiokota. Mishono ikishika, unapewa cherehani yako. Ikifumuka, unarudi kwenye vifungo na pindo mwaka mzima mwingine. Mwaka jana mama wa mwenzetu mmoja aliinama, gauni likalia prrraa mpaka barabarani wakasikia. Mwenzetu huyo bado anashona vifungo, na mama yake anamsalimia kwa mbali.

Wengine wote huwa wanawashonea mama zao. Mama Sindano aliniuliza, "Kimya, kwako atakuja nani?" (Hapa wananiita Kimya.) Nikasema nitaandika nyumbani. Basi ndiyo nimeandika.

Barua ukimpa dereva wa lori la vitambaa inafika haraka kuliko posta.

Mimi,
binti wa hapo nyumbani


11 Machi

Kwa binti yetu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la baba yako limepokea salamu, likapandishwa juu ya stuli, likasomewa barua yote.

Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mashine ya kukamulia imekufa, kwa hiyo mashuka tunakamua kwa mikono, mimi huku na mwenzangu kule, mtu akipita anadhani tunagombania urithi. Na mimi niongeze kwenye daftari lako, nitakuwa wa kumi na tano. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi mpaka daktari mkuu, wananiita Mama Mashuka. Nina mashuka mia nne, na hakuna hata moja linalonisaidia kazi.

Mama Mkubwa wako alikuja Jumapili. Baba yako akamwambia habari za Siku ya Pini kabla hajakaa. Mzee wako hana siri, ana goti tu.

"Sasa atasimama nani kwa mtoto wa marehemu mdogo wangu kama si mimi?" akasema. "Mama wa yule mtoto aliyebaki duniani ni mimi." Akajizungusha pale mlangoni, pande zote mbili. "Mwambie achukue kitambaa cha kutosha. Mimi si kijiti."

Nikamwambia, "Dada, hilo atalikumbuka bila kuambiwa."

Akacheka, lakini alikuwa hatanii. Amekwisha nunua viatu vyeupe.

Ni haki yake. Damu ni damu. Mimi nitabaki na baba yako, maana akiachwa peke yake anachemsha maji mpaka yanaungua.

Kula vizuri.

Mke wa baba yako


29 Aprili

Kwa mwenye funguo za nyumba,

Shikamoo. Hamjambo hapo? Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi mzima, ila nina shida moja, na inavaa viatu vyeupe.

Mama Mkubwa ameniandikia. Kurasa tatu. Anataka mikono mirefu na kola ya kulala. Nilikaa chini kumjibu kwamba bado sijaamua nitamshonea nani. Niliyapanga maneno vizuri kichwani. Kisha nikaandika: "Shikamoo Mama Mkubwa. Asante sana." Nikafunga bahasha.

Wiki iliyopita nilikata kitambaa. Ni cha kijani iliyokolea, kizito kidogo. Sheria ni kwamba unafumba macho kwanza, unamwona mtu wako, halafu ndiyo unashika chaki. Nikafumba, nikafumbua, nikachora, nikakata. Mama Sindano akaja akaviinua vipande vyangu dirishani.

"Kimya, huyu ni nani?"

"Mama mkubwa wangu."

"Ana upana gani?"

Nikaonyesha kwa mikono. Mafundi wakaangua kicheko.

"Basi hapa umemkatia mguu mmoja tu," akasema Mama Sindano. "Na mbona bega la kulia liko chini kuliko la kushoto?"

"Kitambaa kiliteleza, Mama."

"Hakikuteleza. Mbele umekata hivyo, nyuma hivyo hivyo. Mkono ukiteleza mara mbili mahali pamoja, huo si utelezi, mtoto wangu. Huyu mtu yupo."

Akaviweka chini akaenda zake. Kitambaa kingine hatupewi.

Nilitaka kukuuliza jambo hapa, nimefuta mistari sita. Naomba niulize hili tu: hivi bado unabeba beseni la mashuka kwa bega la kulia?

Mimi,
binti wa mzee


12 Mei

Kwa binti yetu,

Marahaba. Tuko salama. Ndiyo, bado la kulia. La kushoto lilikataa kazi tangu mwaka wa kwanza.

Sijui kwa nini umeuliza, na labda ni vizuri nisijue. Kama umekosea kukata, ongeza vipande pembeni. Mama Mkubwa wako ameshautangazia mtaa mzima, na viatu anavivaa ndani ya nyumba kuvizoesha miguu. Usije ukapoteza cherehani yako kwa ajili ya bega la mtu.

Mke wa baba yako


20 Juni

Mama,

Shikamoo. Tarehe kumi na mbili njoo wewe. Gauni ni lako.

Mwanao


22 Juni

Kwa binti yetu,

Una nini?

Nisamehe sikuanza na marahaba. Marahaba. Una nini? Barua yako ina mstari mmoja, na kabla ya huo mstari umeandika "Mama". Baba yako ameisoma mara tatu, akaigeuza nyuma kutafuta habari mbaya.

Nimefanya kazi hospitalini miaka kumi na tisa. Huku anayeita mama ni aliyevunjika, anayejifungua, au anayechomwa sindano. Juzi polisi mzima, masharubu kama ufagio, aliita "mama yangu weee" kwa sindano ya paja, na mama yake alishafariki zamani. Watu wazima hawaliiti hilo jina bure. Kwa hiyo sema: unaumwa wapi? Umejikata na mkasi? Umefukuzwa? Au ni lile jambo linalowapata wasichana? Kama ni lile, sema tu, hakuna atakayekupiga. Baba yako tutamwambia polepole, akiwa amekaa.

Nimekunja mashuka mawili safi, nimeyatia na sabuni ndani ya mkoba. Usipojibu kesho kutwa, nakuja na mkoba.

Mke wa baba yako


24 Juni

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Sijajikata. Sijafukuzwa. Na lile jambo haliwezekani, mimi hata kumwomba kijana anipishe mlangoni nashindwa, nazunguka mlango wa nyuma.

Ngoja nikueleze, na leo sifuti kitu.

Siku uliyokuja kuishi nyumbani nilikuwa na miaka saba. Ulichuchumaa karibu na meza niliyokuwa nimejificha chini yake, ukaniambia, "Niite utakavyo. Ukishaamua utaniambia." Labda umesahau. Mimi nilidhani ni swali lenye jibu moja sahihi, kama la shuleni, nikaanza kulitafuta. "Mama" Mama Mkubwa alishasema ni mmoja tu, na amezikwa. "Shangazi" hukuwa, kwa sababu si dada yake Baba. "Mama mdogo" niliogopa utadhani nakuona mdogo. Mwaka ukapita sijapata jibu. Wa pili ukapita. Kadiri nilivyochelewa ndivyo aibu ilivyozidi, maana mtu hawezi kuamka tu baada ya miaka minne akasema "Mama, chumvi iko wapi?" kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana nilikuwa nakufuata. Watoto wengine wakitaka kitu wanaita wakiwa chumbani, mimi ilinibidi nikutafute nyumba nzima, nisimame nyuma yako, nikohoe. Ulikuwa unaniuliza kama nina pumu. Sikuwa na pumu, nilikuwa sina jina la kukuita! Miaka kumi na moja nimeutazama mgongo wako nikingoja ugeuke. Naujua kuliko njia ya shule. Najua unavyouinamisha ukifua na unavyounyoosha ukikasirika bila kutaka tujue. Nilipofumba macho nikate gauni la Mama Mkubwa, ukaja wewe.

Kwa hiyo sikukukataa. Nilikuwa bado natafuta jibu. Na hapa kazini kila mtu anamwita kila mtu mama, wala hakuna anayeomba ruhusa, nikaona mimi ni mjinga.

Tatizo ni kwamba Mama Mkubwa bado anajua gauni ni lake. Sijui nimwambie vipi. Nilijaribu tena jana, nikaandika asante nyingine.

Mwanao


2 Julai

Mwanangu,

(Nimeliandika. Nami nilikuwa nangoja ruhusa.)

Marahaba, marahaba. Barua yako niliisomea nyuma ya mashine ya kukaushia, mahali pekee pa hospitali hii ambapo mtu macho yakimlowa wanadhani ni mvuke.

Sikusahau. Nilidhani ulishajibu. Nilidhani jibu lako ni kutoniita, nikajiambia, mtoto ana haki yake, usimlazimishe. Kumbe tulikuwa wajinga wawili ndani ya nyumba moja, mmoja anakohoa na mwingine anatafuta dawa ya kifua.

Kwa Mama Mkubwa nimekwenda mwenyewe. Nilimkuta kavaa viatu vyeupe, anamenya viazi.

"Karibu, Mama Mashuka. Umetuletea nini?"

"Nimeleta barua, Dada."

"Barua haimenyi viazi. Haya, lete."

Akafuta mikono, akasoma. Akarudia. Halafu akanitazama.

"Hivi hili la 'amezikwa' nililisema mimi?"

"Ulisema."

"Mbele ya mtoto?"

"Mbele ya mtoto, Dada."

"Nilikuwa na msiba."

"Najua."

"Msiba una mdomo wake." Akachukua kiazi kingine, akakimenya mpaka kikabaki kama punje ya mahindi. Nikadhani yamekwisha. Kumbe bado. "Lakini viatu nimenunua, na watu nimewaambia. Na kuandika ni rahisi, hata mimi kwenye barua ni mpole. Mtoto gani huyo, kwangu anaandika asante, kwako anaandika mama, sasa nimwamini nani? Asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake gauni ni la nani. Akisema ni lako, nitampigia makofi. Akinyamaza kama kawaida yake, nalivaa mimi, likipasuka lipasuke."

Nilitaka kubishana, nikaona ana haki. Nami pia, mwanangu, nataka kulisikia. Karatasi nimeisoma mpaka imelegea, lakini karatasi haina sauti.

Kwa hiyo tutakuja wote wawili. Yeye ataingia ndani. Mimi nitakaa nje, ng'ambo ya barabara. Asiyeitwa haingii. Najua ukinyamaza utarudi kwenye vifungo mwaka mzima, na moyo unaniuma kukuambia hivi. Lakini usipoita, sitakuja.

Hapa chini sijui nijiandike nani. Tutajua tarehe kumi na mbili.


6 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nafanya mazoezi. Asubuhi hii nilikwenda bombani kabla watu hawajajaa, nikavuta pumzi, nikaita "Mama!" kwa sauti ya kawaida. Mama mwenye nyumba ninayopanga akaitika "Bee!" kutoka jikoni. Wa chumba cha juu akafungua dirisha, "Nani ananiita?" Na mama muuza maziwa, aliyekuwa nje ya geti, akaingia na ndoo, "Leo mnataka lita ngapi?" Sikuweza kumwambia hatutaki. Nimenunua lita tatu, nami maziwa siyawezi.

Kwa hiyo sauti ninayo. Shida ni watu.

Mwanao


14 Julai

Mama,

Shikamoo. Mlifika salama? Mama Mkubwa miguu imepona malengelenge?

Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa nje, na ya ndani huyajui. Mama Mkubwa atakusimulia kwa namna yake. Kwa hiyo naandika yangu kabla yale ya kwake hayajawa ndiyo historia.

Mafundi wote walikuwa wamesimama ukutani, na wateja wawili waliokuja kuchukua suruali wakaamua kubaki. Mama Mkubwa alikaa mbele, viatu vyake vinang'aa kuliko dirisha. Mama Sindano akalishika gauni mabegani, akaliinua juu.

"Kimya. La nani?"

Nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi, kama kwenye simu. Nikaufunga. Nikaufungua tena. Pumzi.

"Mtoto anaulizwa," akasema Mama Mkubwa, lakini si kwa ukali. Nadhani alinipa muda. Alihesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake ikicheza. Kisha akasimama, akasema, "Haya, nani atanisaidia zipu," akachomeka mkono wa kwanza.

Nikasikia uzi. Tik. Uzi mmoja tu, kwapani. Nikakimbilia mlangoni.

Wenzangu wote walidhani nimekimbia kwa sababu ya cherehani. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipofika mlangoni. Kwa kweli cherehani niliisahau. Nilichokuwa nakiona ni wewe ukisimama kwenye lile benchi la ng'ambo ya barabara, ukijipangusa sketi, ukienda zako nyumbani bila kusema neno, ukanyooshe mgongo kwa mbali ili tusijue. Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele namna ile, koo bado linauma.

"MAMA!"

Barabara nzima ikageuka. Mama mwenye nyumba yangu, aliyekuja kutazama. Muuza maziwa na ndoo zake. Wanawake wawili waliokuwa wanavuka, wakarudi. Wale wa foleni ya duka la dawa. Mmoja ambaye simjui hata kwa sura akaitika, "Bee, mwanangu, kuna nini?" Nyuma yangu Mama Sindano, ambaye hana mtoto na hawapendi, akasema, "Naam?" Kila mwanamke pale alinigeukia, wewe peke yako hukunigeukia. Ulikuwa umekumbatia mkoba, unageuza shingo huku na huku, unamtafuta anayeitwa!

Nikaita tena. Ukatazama nyuma yako.

Sijui ningefanya nini. Nadhani ningevuka barabara nije nisimame nyuma yako nikohoe. Lakini Mama Mkubwa akatokeza mlangoni kando yangu, mkono mmoja ndani ya gauni, gauni lenyewe limemning'inia kama bendera.

"We Mama Mashuka!" akapaza. "Unaitwa wewe! Kuitika nako ufundishwe? Njoo uchukue gauni lako kabla halijaniua!"

Hapo ndipo ukasema "Bee." Kidogo sana. Lakini nilisikia, na mafundi walisikia.

Mengine uliyaona. Ila kile kifungo kilichoruka ulipoinama kuokota pini, kilitua ndani ya chai ya Mama Sindano. Alikitoa kwa kijiko baada ya nyinyi kutoka, akakitazama, mimi nikafumba macho. Akasema, "Kifungo si mshono." Kisha akasema, "Na hilo bega, hata mimi nisingelipata." Cherehani yangu ni ya saba, karibu na dirisha. Kanyagio lake linalia, lakini ni langu.

Nina swali moja, Mama, usinifiche. Nilikuita kwa sauti ya kupasua ukuta, mara mbili. Kwa nini hukunigeukia?

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Tulifika salama. Mama Mkubwa wako anatembea kwa kandambili, na mtaani anasimulia kwamba aliyeita ni yeye. Nimemwachia. Nusu ni kweli.

Gauni nililivaa kazini Jumatatu. Mwenzangu wa kukamua aliniuliza limeshonwa na fundi gani, nikasema, "Mwanangu," akasema, "Hukuwahi kuniambia una mtoto." Nikamwambia ni habari ndefu, kamua.

Swali lako nakujibu, usicheke. Nilisikia vizuri sana. Nilisikia mtoto anaita mama, nikajisemea: mtoto wa watu anapasua koo namna ile, na huyo mama yake amekaa tu, hana hata haya. Ndiyo maana nikawa nageuza shingo. Nilikuwa namtafuta nimsute. Ulipoita mara ya pili nikasema, kweli dunia ina wanawake. Kumbe ni mimi.

Sasa kwa kuwa nimeshaitwa, nina maneno. Miaka kumi na moja nimeyashika mdomoni, maana mke wa baba akimgombeza mtoto, watu husema mengine. Leo naanza, na sianzii karibu.

Ulipokuwa darasa la sita ulitoka nje mvua inanyesha, bila sweta, sweta nimekuwekea juu ya kiti, ukaliona, ukaliacha. Nilikaa kimya. Leo nasema: ulikosa akili. Ile ripoti ya hesabu uliyoificha chini ya godoro niliikuta siku ile ile, nikaitandikia shuka juu yake. Hesabu gani zile? Unakula umesimama kama unafukuzwa. Chumba chako ulikiacha na vikombe vitatu chini ya kitanda, kimoja kilikuwa kimeota nyasi. Huwezi kununua lita tatu za maziwa kwa sababu ya aibu, mtu anasema hapana, hapana haina miiba. Na Mama Mkubwa wako ulipomwandikia asante wakati moyoni unasema sitaki, ulimdanganya mtu mzima, umwombe radhi, kwa mdomo, kwenye simu, na usipumue tu. Vifungo vya gauni umeviwekea uzi mmoja mmoja. Fundi gani anaweka uzi mmoja? Nywele zako siku ile sitazizungumzia, maana karatasi haitatosha.

Baba yako ananiambia nimalize, dereva wa lori anapiga honi. Nimemwambia dereva angoje, namgombeza mwanangu.

Mama yako